Chupa ya Kumi

Ukuta uliotenganisha chumba changu na cha Bi Nukta ulikuwa wa mbao nyembamba, kiasi kwamba akipiga chafya nilimwambia "afya" bila kuinuka kitini. Kwa miaka sita nilifanya kazi nikisikiliza kidude chake cha kuhesabia, kile cha chuma kinachokaa kiganjani, ukibonyeza kwa kidole gumba namba inapanda moja. Tik. Tik, tik. Kimya. Tik. Wenzangu waliweka redio, mimi nilikuwa na Bi Nukta.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Tulimpa sisi wa kituo cha utafiti wa bahari, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuhesabu nukta. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye miwani mbili shingoni, moja ya kusomea na moja, alivyosema mwenyewe, ya kuwatazamia watu asiowaamini. Shahada hakuwa nayo. Alikuja kituoni akiwa binti wa kuosha chupa, mtu mmoja akamkalisha kwenye hadubini siku ambayo mhesabuji alikuwa mgonjwa, na hakuinuka tena kwa miaka thelathini na moja. Watafiti walikuja na majoho yao wakaondoka na vyeo vyao, na kila mmoja alipandia kidole gumba cha mama huyu. Shukrani aliyopata ni kutajwa mwishoni mwa makala, tena jina limekosewa.

Mimi aliniita Bwana Angani, kwa sababu kazi yangu ni picha za setilaiti. Kusema kweli hakuipenda sana kazi yangu. Aliniambia kwamba mtu anayetaka kujua kama chakula kina chumvi huketi mezani akaonja, hapandi juu ya paa. Alikuwa na haki kiasi. Baharini mna vijimea vidogo mno, tone moja hubeba maelfu, na ndivyo vinavyolisha karibu kila kilichomo mle. Setilaiti haivioni. Inaona rangi tu. Maji matupu huwa buluu iliyokolea, na kadiri vijimea vinavyozidi ndivyo buluu inavyopungua na kijani kuingia. Mimi nachukua rangi ile na joto la maji, naviingiza kwenye kanuni, kanuni inatoa makadirio: hapa chembe elfu kadhaa katika kijiko, pale laki moja. Kisha nachora ramani. Buluu nyeusi ni pachache, njano ni pengi.

Lakini kanuni yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kidole cha Bi Nukta. Kila mwezi, siku ambayo anga iko wazi na setilaiti inapita, mashua yetu ilichota maji sehemu tisa, na yeye akazihesabu zile chupa tisa moja moja. Mimi nilikadiria, yeye alihesabu, na tukitofautiana mwongo ni mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kituo, na mpaka leo naona ni sheria nzuri, ingawa ndiyo iliyotuponza.

Kuna siku ya kwanza kabisa aliponiita nikaone. Chumba chake kilikuwa na mapazia meusi mawili, moja juu ya jingine. Alimimina maji kwenye mpare, ile faneli ya kioo, yakapita kwenye kichujio cheusi chembamba kama ganda la ndani la kitunguu, akausuuza mpare, akakilaza kichujio juu ya kioo, akazima taa ya dari na kuwasha taa ya buluu ya hadubini. Nilipoinama nikaona giza, halafu giza likajaa taa. Za rangi ya chungwa zilikuwa zimetulia. Nyekundu zilikuwa hafifu, ukizikazia macho zinafifia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vyote vile vimekufa, vilitiwa dawa mashuani siku tatu zilizopita. Ila ukivimulika vinakujibu. Nikatoka nje nikasimama juani kama mtu aliyetoka kuzika.

Sasa chupa ya kumi. Hii haikutoka mashuani. Ilijazwa maji ya bahari yaliyochujwa mara mbili, maji matupu, kutoka kwenye gudulia kubwa la kioo lililokaa kwenye chumba chake, na ilipitishwa hatua zilezile kama zile tisa. Kazi yake ni kuvisaili vyombo. Ukikuta kitu kwenye maji yasiyo na kitu, ujue mpare wako au maji yako ya kusuuzia yanakudanganya, na unakipunguza kwenye hesabu za chupa zote. Ilihesabiwa mwisho, karibu na saa tano asubuhi. Upande wangu wa ukuta nilisikia kiti kikivutwa, swichi, kisha kimya cha robo saa, mtu mzima akikagua miraba ishirini ya kuhesabia isiyo na kitu. Halafu kalamu. Sufuri.

Alichokuja kukiogopa Bi Nukta nilikijua mwishoni, lakini nakueleza sasa ili tusizungushane. Aliogopa kuwa kama mama yake.

Mama yake nilimwona mara moja, miaka mitatu kabla ya mambo haya, nilipompelekea Bi Nukta miwani aliyoisahau kazini. Waliishi wawili kwenye nyumba ya chini iliyopakana na barabara. Sebule ilikuwa ndogo na safi: dirisha moja kubwa linalotazama nje, upande wa pili kabati la vyombo lenye milango ya kioo, na kando ya kabati mlango wa ukumbini palipotundikwa makoti. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao ambacho miguu yake ilikatwa na fundi seremala ili nyayo zake zifike sakafuni, hivyo alikaa chini kabisa, kidevu usawa wa meza. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za kwetu. Halafu akatazama nyuma yangu, kule kwenye mlango wa makoti.

"Na huyo mwenzako mwambie aingie," alisema. "Asisimame mlangoni kama si mtu wa kwetu."

Niligeuka. Palikuwa na makoti mawili na mwavuli.

Bi Nukta alimjibu kwamba hakuna mtu, na alisema kama mtu anayefunga bomba linalovuja, bila hasira, kwa mazoea. Mezani palikuwa na vikombe vitatu, nami ndio kwanza naingia. Kimoja akakiondoa. Aliponisindikiza alinieleza kwamba kila siku ni hivyo, jioni jioni, mwanamume mwenye kofia, amesimama tu, haongei. Wamempeleka hospitali tatu. Dawa zilimfanya alale, akiamka anauliza mgeni ameshaondoka? Bibi alifariki akiwa na miaka themanini na mmoja, na mpaka wiki ya mwisho alikuwa akisema tumemnyima mtu kiti.

Basi. Mwaka mmoja baada ya msiba, Bi Nukta alikaa kwenye hadubini, chupa ya kumi, akaona taa tatu.

Tatu si kitu. Huenda vumbi, huenda mpare haukusuuzwa sawasawa. Aliandika sufuri. Mwezi uliofuata zilikuwa tisa, na sasa zilikuwa zimekaa kwa utulivu, rangi ya chungwa, kama zilizo kwenye maji ya kweli. Aliosha mpare mara tatu, akarudia, akaziona tena. Mwezi wa tatu zilikuwa thelathini na moja. Mtu mwingine angepiga kelele, angeniita, angemwita Mkuu wa kituo. Yeye alivua miwani, akaifuta, akakaa gizani akikumbuka kwamba mama yake naye alianza hivyohivyo, kwa kuona kidogo. Mtu anaona kitu mahali pasipo na kitu. Akawasha taa ya dari, akachukua kalamu, akaandika sufuri kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nisimlaumu upesi. Wewe ungemwambia nani?

Tatizo ni kwamba maji yale ya gudulia hayakuwa ya chupa ya kumi peke yake. Ndiyo aliyosuuzia mpare, ndiyo aliyozimulia sampuli nzito. Kilichokuwamo humo kiliingia kwenye chupa zote, na sufuri yake ilituambia hakuna kilichoingia. Karibu na ufukwe, ambako vijimea ni tele, nyongeza ile haikuonekana. Ilionekana kule kusiko na kitu.

Kule kusiko na kitu tulikuita Jangwa. Ni eneo la mbali, maji yake mazito kwa ubuluu, na kwenye ramani zangu zote tangu niajiriwe lilikuwa doa jeusi. Ghafla chupa za Jangwa zikaanza kutoka na hesabu kubwa, na setilaiti ikasema bado ni tupu. Tumetofautiana; kwa sheria, mwongo ni mimi. Nikatafuta kosa langu kwa bidii, na anayetafuta kosa lake kwa bidii hakosi kulipata. Kamera za setilaiti huchakaa angani, hilo linajulikana. Nikaamua macho ya setilaiti yamezeeka. Nikairekebisha kanuni ili ifanane na kidole cha Bi Nukta, nikajipongeza, nikanywa na soda.

Mwezi wa nne katikati ya Jangwa pakatokea weusi uliofifia. Wa tano pakawa kijani. Nilikuwa naifungua ramani asubuhi nikiwa peke yangu, na nakwambia haikunipendeza. Kijani kile hakikuwa na mkondo, hakikusukumwa na upepo, hakikuwa na kingo kama milipuko ya vijimea tuliyoizoea. Kilikuwa kimeenea sawasawa tu. Mkuu aliifurahia mno. Alisema bahari iliyokufa imefufuka, na kwamba ataipeleka ramani ile kwenye mkutano mkubwa baada ya majuma machache. Nilimwomba nahodha wa mashua, safari ijayo akifika kule, ashushe ile sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji. Unaishusha kwa kamba mpaka isionekane. Kwenye maji yenye uhai mwingi inapotea haraka.

Nahodha alinipigia simu akiwa hukohuko. Yeye ni mtu wa utani, lakini siku hiyo hakutania.

"Nimeshusha mpaka kamba imeisha," alisema. "Bado naiona. Imekaa chini kule inanitazama. Hebu niambie, hiyo ramani yako umeichora ya wapi?"

Nikabaki na simu mkononi. Ramani inasema pamejaa, hadubini inasema pamejaa, na bahari yenyewe inasema hakuna kitu. Upande wa pili wa ukuta ilikuwa saa tano kasoro, Bi Nukta alikuwa anamalizia sampuli za akiba alizozirudia. Nilisikia kiti, swichi. Chupa ya kumi. Nikashusha pumzi kwa kusubiri ile robo saa ya kimya, kwa sababu nilihitaji kufikiri.

Tik.

Nikasema moyoni amekosea. Kisha tik, tik. Kimya. Tik, tik, tik, tik.

Nilikaa nikiusikiliza ukuta kama mtoto aliyesikia nyayo darini. Alipotoka kwenda chai niliingia chumbani mwake, nikalifungua daftari. Chupa ya kumi: 0. Wino ulikuwa haujakauka vizuri. Nikatoka upesi, na kutwa nzima sikumtazama usoni, naye hakunitazama.

Nilifikiria mengi ambayo leo yananitia aibu. Nilifikiri uzee. Nilifikiri ukaidi. Nilifikiri, kweli tupu, ugonjwa wa mama yake, na nikamhurumia kwa ile huruma mbaya ya kumwonea mtu huruma bila kumuuliza. Ningeweza kwenda kwa Mkuu, nikasema nisubiri shehena ijayo.

Shehena ikaja. Jua lilikuwa kali nje, watu wakicheka uani, na mimi nimeegemeza sikio kwenye mbao na karatasi mkononi nikichora vijiti. Chupa ya kumi ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza nilikuwa na vijiti mia mbili na kumi na viwili. Niliinuka, nikabisha mlango wake, nikapenya mapazia mawili. Giza lilikuwa totoro isipokuwa ile taa ya buluu. Hakugeuka.

"Umefikisha ngapi?" aliniuliza.

Nilidhani hajui kwamba nahesabu. Mbao nyembamba ni nyembamba pande zote mbili.

"Mia mbili na kumi na mbili."

"Na mimi." Alikiweka kile kidude mezani. "Kwa hiyo mlio umeusikia. Kidole kinabonyeza, hilo si la kubuni. Lakini kinabonyeza nini?"

Hapo ndipo akanieleza yote niliyokueleza, toka zile taa tatu, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vyombo. Miezi ya kwanza alizihesabu kimoyomoyo bila kidude, nisisikie, mpaka zikawa nyingi mno. Nyumbani ameanza kujipima. Anazima taa, anasubiri, anaangalia kama ataona kitu kwenye giza la kawaida. Akiuona mwavuli ukumbini anaugusa. Alisema kufa hakumtishi, kinachomtisha ni ile siku atakayomkaribisha mtu na watu wataangaliana. Mimi nilikuwa nimesimama pale na karatasi yangu ya vijiti, na nilijua kwamba jana yake tu, moyoni mwangu, nilishaangaliana na watu.

Akainuka. "Kaa. Usiniambie unachodhani nataka kusikia, Bwana Angani, tafadhali. Angalia, uniambie unaona nini."

Kiti kilikuwa na joto lake. Nitasema ukweli: kabla sijainama niliomba nisione kitu. Ningeona giza tupu kazi yangu ingekuwa rahisi, setilaiti ingekuwa nzima, ramani ingefutwa, na kosa lingekuwa la mama mmoja mzee mgonjwa. Nikaweka macho.

Palikuwa pamejaa. Zilikuwa zimetulia, za chungwa, kila upande, kwenye maji ambayo hayakupaswa kuwa na kitu.

"Naona nukta," nilisema.

"Nukta za wapi? Nitajie."

"Mraba wa katikati, juu kulia, kuna tatu zimeshikana. Chini yake kuna nyekundu. Inafifia. Imeshapotea."

Nikageuka. Bi Nukta alikuwa amekaa sakafuni, na koti lake jeupe la kazi, mgongo kwenye kabati, analia huku anacheka, mikono yote miwili mdomoni ili watu wa uani wasisikie. Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile. Halafu furaha ikamtoka usoni taratibu, akanitazama.

"Kama zipo," alisema, "basi nimewadanganya miezi saba."

Gudulia tulilipata bila kutafuta, lilikuwa mbele yetu. Zamani lilikaa kabatini, chini, gizani. Mgongo ulipoanza kumsumbua alilipandisha dirishani, nyuma ya pazia, upande wa kioo, ili asiiname. Jua la kila siku lilikuwa linalipiga. Na maji yakipungua hakuyamwaga akaanza upya, aliongezea mapya juu ya masalia, kama tulivyozoea wote, maana kuchuja maji lita kumi ni adhabu. Nililibeba nje nikaliweka mbele ya shuka jeupe. Ungeapa ni maji safi. Ila ukitazama kwa pembeni, kwa subira, palikuwa na ukungu mwembamba mno wenye rangi ambayo sikuweza kuitaja. Vichache vilipenya kwenye vichujio mwaka uliopita, vikapata jua na nafasi, vikazaana. Bahari nzima niliyoichora kule Jangwani ilikuwa dirishani kwake.

Tulipotaka kujua tuanzie wapi kusahihisha, akaligeuza daftari kichwa chini, akafungua ukurasa wa mwisho. Hapo, kwa penseli, palikuwa na tarehe na namba: 3, 9, 31, 70, 128, 171, 212. Alisema alishindwa kuziandika mbele, akashindwa kuacha kuziandika. Namba hizo ndizo zilizotuokoa. Nilizitumia kuondoa nyongeza kwenye kila chupa ya miezi saba, nikairudisha kanuni yangu ya zamani, nikaomba radhi kimoyomoyo kwa setilaiti. Ramani ilichukua asubuhi nzima kujichora upya. Nilikaa nikaangalia kijani kikizimika Jangwani, mwezi baada ya mwezi, mpaka pakarudi weusi wake. Hilo nalo halikunipendeza, ijapokuwa lilikuwa kweli.

Barua kwa Mkuu aliiandika mwenyewe, hakukubali nimsaidie hata sentensi. Mkuu alifoka, akajitoa mkutanoni, akaniambia pembeni kwamba huyu mama apumzishwe. Nikamwambia basi tupumzishwe wote, kwa sababu yeye aliogopa macho yake na mimi nikayaamini bila kuuliza, na kati yetu mwenye shahada ni mimi. Akampa barua ya onyo. Bi Nukta aliipokea, akaiweka kwenye daftari, ukurasa wa nyuma, karibu na penseli.

Nilidhani yamekwisha. Majuma matatu baadaye, siku ya mapumziko, akanipigia simu. Alikuwa hajawahi kunipigia.

"Kuna chupa nyingine nataka uiangalie," alisema. "Njoo nyumbani. Uwe umefika saa kumi."

Nilifika. Sebule ilikuwa vilevile, safi, dirisha kubwa nyuma, kabati la kioo mbele, kando yake mlango wa ukumbini na makoti. Jua la jioni lilikuwa limeingia kwa ulalo. Kiti cha miguu mifupi kilikuwa palepale, hakukitoa baada ya msiba, ila hakuna aliyekikalia. Hakunikaribisha chai. Alinionyesha kiti kile kwa kidole.

"Kaa. Angalia mbele, uniambie unaona nini."

Nilikaa, magoti karibu yanigonge kidevu. Nikaangalia mbele.

Kwenye mlango wa ukumbini, kando ya makoti, alikuwa amesimama mwanamume mwenye kofia.

Nilipiga kelele, sifichi. Niliruka nikasimama, na nilivyosimama hakuwapo. Yalikuwapo makoti na mwavuli. Bi Nukta hakucheka. Akanionyesha kiti tena. Nilikaa taratibu, na kadiri macho yangu yalivyoshuka, yule mtu alirudi, kwanza kofia, kisha mabega, mpaka akasimama mzima ndani ya nyumba, mikono nyuma, anatutazama. Akainua mkono, akaweka kofia yake vizuri.

Ilinichukua muda kuelewa. Ilikuwa milango ya kabati. Mmoja haukufunga sawasawa, umekaa mshazari tangu zamani ukitokeza mbele ya mlango wa ukumbini, na kutoka chini pale, kwa jua lile, kioo kilichukua barabara iliyo nyuma yetu na kuileta mlangoni. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo lenye askari mlinzi, na askari wa jioni huanza zamu saa kumi. Mtu aliyesimama hakuweza kumwona. Aliyekaa kwenye kiti cha kawaida hakuweza kumwona. Ilibidi uwe umekaa chini kama mtu ambaye miguu ya kiti chake imekatwa, na miguu ile Bi Nukta ndiye aliyeikatisha, kwa mapenzi, ili mama asining'inie.

"Huenda alikuwa mgonjwa pia," nilimwambia. "Alikuwa anasahau mengi, ulisema mwenyewe."

"Alikuwa anasahau. Huyu hakumsahau hata siku moja." Alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumwona uso. "Hospitali tatu, Bwana Angani. Dawa za kumlaza. Miaka minne namwambia hakuna mtu, Mama, hakuna mtu, naondoa kikombe. Na mimi kazi yangu ni nini? Mimi ndiye ninayelipwa kuangalia. Sikuwahi kukaa kwenye hiki kiti."

Nilimpisha akakaa yeye. Alikaa mikono mapajani, mdogo kabisa pale chini, macho kwenye kioo. Nilimuuliza kama niikaze ile bawaba ya mlango wa kabati, kazi ya dakika mbili. Akasema iache. Nikavuta kigoda nikakaa kando yake, mahali ambapo mimi sikuona chochote, tukasubiri mpaka giza lilipoingia na yeye akaniambia kwamba mgeni ameondoka.